Neno "bloom" na utando wa zabibu

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kijikaratasi cha maelekezo kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma. Sentensi moja ya Kiingereza ilimtaka mkulima avune bila kufuta "bloom" ya zabibu, nami, kwa kuwa tangu shuleni nilifundishwa kwamba neno hilo maana yake ni ua au kuchanua, niliandika kwamba zabibu zivunwe bila kuharibu maua yake. Nilipofuatana na waliokwenda kugawa vijikaratasi hivyo, mzee mmoja mwenye shamba alikisoma chake pole pole, akanitazama, akauliza: "Mwanangu, zabibu ikishaiva, ua linatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee alinyanyua kichala kilichokuwa bado kwenye mzabibu, akapitisha kidole gumba juu ya punje moja. Pale kidole kilipopita, ganda lilibaki jeusi na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, wakati punje nyingine zote zilikuwa na rangi iliyofifia ya samawati, kana kwamba zimenyunyiziwa unga wa ngano. Akasema: "Kama wanasema hii, hii si ua. Huu ni utando wa zabibu wenyewe." Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno "bloom" kila ninapokutana nalo.

Utando ule ni nta ambayo tunda hujitengenezea. Huzuia maji yaliyomo ndani yasipotee upesi, na matone ya mvua hayashiki juu yake bali huteleza. Wanunuzi wengi wa mjini huudhania kuwa dawa ya kuulia wadudu, wakazisugua zabibu kwa nguvu, ilhali kwa mkulima utando usioguswa ni ushahidi kwamba kichala hakijashikwashikwa na mikono mingi. Bila shaka zabibu zioshwe kabla ya kuliwa, lakini weupe ule peke yake hauna kosa lolote.

Kiingereza kina maneno matatu ambayo sisi tunayatafsiri yote kwa neno "ua". "Flower" lilitoka Kifaransa. "Blossom" ni neno la Kiingereza cha kale, na hadi leo Waingereza hulitumia zaidi kwa maua ya miti ya matunda. "Bloom" lilitoka katika lugha ya Waskandinavia wa kale, ambao walisema "blóm", nalo ni ndugu wa neno la Kijerumani "Blume". Likishafika Uingereza, neno hilo halikutulia kwenye bustani. Lilitumika kwa ua lenyewe, kwa kipindi ambacho mmea uko katika maua, kwa wekundu wa shavu la kijana mwenye afya, kisha kwa kila kitu kinachojitokeza juu ya uso wa kitu kingine. Ninavyoona mimi, huo ndio uzi unaoziunganisha nyingi ya maana zake, yaani kitu kilichokuwa ndani sasa kimeonekana nje. Sisi hatuna neno moja la kubeba yote hayo, na sidhani tunalihitaji, kwa sababu Kiswahili huuliza kwanza kitu hicho kimefanya nini.

Chukua chokoleti, ambayo wengi wetu tunaijua ikiwa imekaa dukani Dar es Salaam katika joto la Februari. Ukiifungua unakuta imepata madoa ya kijivu na weupe kama wa ukungu, na mzazi mwangalifu huitupa akidhani imeoza. Waingereza huita hali hiyo "bloom", na kwa kweli ni hali mbili. Ya kwanza hutokea pale siagi ya kakao, ambayo huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya joto la mwili, inapolainika, ikapanda juu na kuganda upya kwa umbo jingine la fuwele. Ya pili hutokana na unyevu, ambao huyeyusha sukari ya juu, kisha ukikauka huacha chembe zinazokwaruza ulimi. Chokoleti hiyo hailiki kwa raha lakini haina madhara. Niandikapo Kiswahili chake nasema chokoleti "imepauka", kwa kuwa ndivyo tunavyosema ngozi isiyopakwa mafuta, na msomaji anaiona mara moja.

Kahawa nayo ina "bloom" yake. Ukimwagia maji ya moto kidogo kahawa iliyokaangwa karibuni na kusagwa, unga huinuka katikati kama kichuguu kidogo na kutoa mapovu, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi iliyonaswa ndani ya buni wakati wa kukaanga inatoka. Wapishi wa kahawa husubiri kama nusu dakika kabla ya kumimina maji yaliyobaki. Nimewahi kuona mahali pameandikwa kwamba kahawa iachwe "ichanue", na nilisikitika, kwa sababu kila mama aliyewahi kukanda unga wa maandazi analo neno sahihi, nalo ni "kuumuka".

Maana iliyonishughulisha kuliko zote ni ya wahunzi. Katika Kiingereza cha kale "bloma" halikuwa ua hata kidogo, bali bonge la chuma, na tanuri la kuyeyushia chuma la namna ya zamani bado linaitwa "bloomery". Katika tanuri kama hilo kwa kawaida moto haufiki nyuzi 1,538 za Selsiasi, ambazo ndizo chuma huyeyuka kuwa maji. Kinachoyeyuka na kutiririka ni mavi ya chuma, na chuma chenyewe hubaki kuwa bonge lenye matundu kama sifongo, ambalo mhunzi hulitoa likiwa jekundu na kulipiga nyundo mara nyingi mpaka uchafu uliobaki ndani ukamuke. Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Wahaya wa Kagera walifua chuma kwa ufundi wa aina hiyo hiyo, na katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti. Walichoma kwanza majani ya kinamasi ndani ya shimo la tanuri ili kupata kaboni, wakavuta mivuo, na hewa ikapita katika mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya moto. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake katika jarida la Science mwaka 1978. Mfasiri atakayesoma maelezo ya tanuri lile, akakuta "iron bloom", kisha akaandika "ua la chuma", atakuwa amewafuta wazee wale na jasho lao kwa neno zuri lisilo na maana.

Kuna maana nyingine ambayo kosa lake linaweza kumdhuru mtu. Habari za kimazingira hutaja "algal bloom", nazo katika tafsiri nyingi huwa "kuchanua kwa mwani". Msomaji wa Paje au Jambiani, ambako akina mama hulima mwani na kuuza, atafurahi kusikia kwamba mwani umechanua. Kinachosemwa hapo ni tofauti kabisa: vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho kimoja kimoja vimeongezeka kupita kiasi, mara nyingi kwa kulishwa na mbolea na maji machafu yanayotiririka kutoka mashambani na mijini, hadi maji yakageuka rangi. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria, maji huwa ya kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, na baadhi ya bakteria wanaosababisha hali hiyo hutoa sumu. Vijimea hivyo vinapokufa na kuoza, oksijeni huisha majini na samaki hufa. Mwaka 2008 na 2009 bahari ya Oman na Ghuba ya Uajemi iligeuka nyekundu kwa sababu ya namna hiyo hiyo, samaki wakafa kwa wingi, na mitambo ya kusafisha maji ya bahari ikalazimika kusimamishwa kwa muda. Mimi huandika "mfumuko wa vijimea". Kila anayekwenda sokoni anajua mfumuko wa bei ni kitu gani, na hatalichukulia neno hilo kuwa habari njema.

Kuna pia "Bloom" ambayo ni jina la mtu, nayo isitafsiriwe kabisa. Walimu wanafundishwa vyuoni ngazi za Bloom, yaani hatua za kujifunza na kufikiri, zilizotokana na kitabu alichokihariri Benjamin Bloom mwaka 1956. Mpishi wa keki akiona jelatini imeandikwa "200 bloom", hicho ni kipimo cha ugumu wake kilichopewa jina la Oscar Bloom, naye mpishi anachohitaji kuambiwa ni kwamba namba ikiwa kubwa jelatini hushika zaidi.

Hata pale neno linapozungumzia ua halisi, tahadhari haiishi. Kwa Mwingereza kuchanua ndiko kufikia ukamilifu, na husema mtu yumo katika "bloom" ya ujana, ambapo sisi tungesema amenawiri. Sasa mpeleke Mwingereza huyo Pemba wakati wa karafuu. Karafuu ni tumba la ua, nalo huchumwa likiwa limejaa na kuanza kuwa jekundu lakini bado limefumba. Likichanua limeshapoteza thamani yake, kwa hiyo wachumaji hupanda mikarafuu kwa haraka, na usiku watu hukaa barazani wakichambua karafuu na makonyo, ili asubuhi zianikwe juu ya majamvi. Maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba mavuno yafanyike kabla ya "bloom" hayawezi kuwa "kabla ya msimu wa maua" kwa Kiswahili, maana msimu wenyewe ndio huo. Ni "kabla tumba halijachanua", na neno "tumba" ndilo linaloibeba sentensi yote.

Kijikaratasi cha Dodoma nilikiandika upya kwa gharama yangu, na kabla hakijachapishwa nilimsomea yule mzee sentensi iliyonishinda mara ya kwanza: "Shika kichala kwa kikonyo chake, usiguse punje, ili utando wake mweupe usifutike." Alinitaka nibadilishe neno moja tu. Badala ya "usiguse" alitaka niandike "usipapase", kwa kuwa kugusa, alisema, hakuepukiki.