Imba kama usemavyo

Bagamoyo, Jumapili jioni

Kengele imeshanyamaza, lakini Dom Joseph Pothier bado hajanitoka akilini. Mtawa huyu Mbenedikto, Mfaransa aliyezaliwa 1835, alikaa miaka mingi katika abasia, yaani monasteri, ya Solesmes akilinganisha noti za miswada ya kale. Mwaka 1880 akatoa kitabu chake juu ya nyimbo za Kigregoriani, zile za kale za Kanisa ziimbwazo kwa Kilatini. Akawa abate, mkuu wa monasteri, wa Saint-Wandrille 1898, na 1904 Papa Pius X akampa uenyekiti wa tume iliyotengeneza kitabu cha nyimbo cha 1908.

Nampenda kwa jambo moja: alianza na maneno. Zama zake waimbaji walitwanga kila noti kwa uzito uleule. Yeye alishikilia kwamba mwendo wa wimbo hutoka kwenye usemi.

Hapo ndipo kwaya zetu za pwani hujikwaa. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, baHAri. Basi Gloria inakuwa gloRIa, na Dominus inakuwa doMInus. Mkazo ukikaa pasipo pake melodi huchechemea, na kinanda kikiingia na mapigo ya nne-nne, ndiyo imekwisha. Dawa yake ni kuyasoma maneno pamoja mara tatu, GLOria, DOminus, kisha kuyaimba yote kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Melodi ifuate baadaye. Walimu wengi huiruka hatua hiyo ya kati, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kisha macho. Katika maandishi ya nyimbo hizi mistari ya noti ni minne, si mitano. Noti mbili za mraba zikibebana, moja juu ya nyingine, anza na ya chini. Ukiona mchoro mnene ulioinama, usiteleze nao kama king'ora: unaonyesha noti mbili tu, mwanzo wake na mwisho wake. Noti inayofuata huwa juu, mwishoni mwa mchoro.

Na pumzi: usivute katikati ya neno, kabla ya silabi inayofuata. Do-mi, ukapumua, nus? Neno limekatika, na msikilizaji hana alichoshika. Vuta mwisho wa fungu, pale palipochorwa kistari.

Alhamisi tuanze na Kyrie, ile "Bwana utuhurumie", mstari mmoja tu, kinanda kikiwa kimefungwa.