Mdomo mwekundu kati ya kuku

Nikimwaga chenga za mahindi uani hapa Morogoro, naye yumo kati ya kuku: ndege mdogo, wa kahawia, mdomo mwekundu kama pilipili. Jirani akasema ni kwelea, yule ndege mharibifu wa nafaka, mfukuze kabla hajaita wenzake.

Nikakuza picha za simu. Kwelea hana mistari mipana myeusi namna hii kichwani. Na ile picha iliyotikisika, niliyotaka kuifuta, ndiyo inayoonyesha weupe mkiani akiruka. Basi ni fumbwe, *Vidua macroura*, dume aliye nje ya msimu. Wakati wa kuzaliana huwa mweusi na mweupe, mkia mrefu kupita mwili. Jike lake (mjanja huyo!) hutaga kwenye viota vya shigi, ndege wengine wadogo, ili makinda wayalee wao.

Jirani hajaridhika. Anataka kuuona mkia kwanza.