Usiku Nilipoipoza Fuwele kwa Haraka

Fuwele yenyewe ilikuwa kama kijinywele cheusi kinachometameta. Asubuhi nzima nilikuwa chini ya hadubini, nimebana pumzi, nikiibandikia nyaya nne za dhahabu kwa gundi ya fedha. Ukiigusa vibaya, inakatika. Nilikuwa mgeni Ufaransa, majira yangu ya kwanza ya baridi.

Ilikuwa chumvi ya Bechgaard, aina ya fuwele ya molekuli za kaboni inayopitisha umeme, yenye ioni za pakloreti. Ndugu yake ndiyo iliyotangazwa mwaka 1980 na Denis Jérome na wenzake wa Orsay, karibu na Paris: ilipoteza ukinzani wote wa umeme karibu na kelvini 0.9, yaani chini ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho kabisa, ikiwa chini ya mgandamizo wa karibu mara 12,000 ya ule wa hewa. Ndiyo mada-ogania (yenye molekuli za kaboni) ya kwanza kufanya hivyo. Yangu haikutaka mgandamizo, ilitaka baridi tu, kelvini 1.2 hivi.

Heliamu ya kupozea ilikuwa inakaribia kwisha, nikaharakisha. Kutoka kelvini 40 hadi 4 haikufika dakika. Ukinzani, badala ya kushuka, ukaanza kupanda, ukapanda kweli. Nikajua nimeivunja, moyo ukaniuma.

Dada mmoja Mkenya, aliyenitangulia kimasomo, akaiangalia grafu kwa muda.

"Mdogo wangu, ulipita kelvini ishirini na nne kwa kasi gani?"

Sikuwa na jibu. Akachora pakloreti: klorini katikati, oksijeni nne pembeni. Kila pakloreti yaweza kuelekea huku au kule. Ikifika kelvini 24 hujipanga, safu hii huku, safu ya pili kule. Ukiiharakisha inaganda shaghalabaghala, na elektroni, ambazo njia yao kuu ni moja tu, kando ya molekuli zilizopangwa kama sahani, haziungani tena kuwa jozi zinazopita bila ukinzani.

"Metali kama risasi au alumini isingejali vurugu kama hii isiyo na usumaku," akasema. "Hii inajali. Jozi zake za elektroni si za kawaida."

Nilikuwa nimelisoma hilo vitabuni, lakini usiku ule nililiona kwa kosa la mkono wangu. Tukaipasha hadi 40, tukaomba heliamu nyingine, tukashuka upya. Kutoka 30 hadi 20 tulitumia zaidi ya saa tatu, kelvini moja kila dakika ishirini, tukipokezana kukaa mbele ya kipimajoto.

Alfajiri, karibu na 1.2, mstari wa ukinzani ukadondoka. Dada aliniwekea mkono begani, na kwa dakika kadhaa hatukugusa kitufe chochote.