Kwa nini almasi za malkia zinaonekana nyeusi kwenye picha

Tazama picha yoyote ya malkia wa Ulaya iliyochorwa karne ya 18. Lulu utazitambua mara moja, lakini almasi unaweza kuzidhania vijiwe vyeusi. Mchoraji hakukosea. Almasi iliyokatwa pande nyingi hurudisha mwanga kwa pembe chache tu. Pande nyingine zinaonyesha giza la chumba. Kwa hiyo alipaka kijivu kilichokolea, akamalizia kwa nukta moja au mbili za rangi nyeupe nzito. Lulu aliipaka kijivu laini, nukta nyeupe juu, na mwanga hafifu chini, ule unaorudi kutoka kwenye ngozi au nguo.

Sonara naye ana sehemu yake. Almasi zilishikizwa kwenye fedha, kwa sababu dhahabu huzitia umanjano. Mara nyingi nyuma palizibwa kabisa, na chini ya jiwe pakatandikwa karatasi nyembamba ya madini ya kung'aa, ili kito kimeremete kwenye mwanga wa mishumaa. Adui wa kazi hii ni maji. Yakipenya, karatasi hupiga weusi, jiwe hufifia, na hata ulisugue vipi juu halirudi. Ndiyo maana kito cha aina hii hakioshwi kwa kuloweka, kamwe!

Kwenye hereni, tafuta girandoli: kito juu, fundo la utepe katikati, matone matatu yakining'inia. Ni nzito, zinavuta ndewe. Kifuani mapambo makubwa yalishonewa kwenye gauni. Ndiyo maana huoni pini.

Kuelekea mwisho wa karne vito vinapungua. Kwenye picha iliyochorwa na Thomas Lawrence mwaka 1789, Malkia Charlotte wa Uingereza ana bangili za lulu zenye picha ndogo ya mumewe, George III. Na Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, aliyechorwa na Vigée Le Brun mwaka 1787 pamoja na wanawe, shingo yake ni tupu. Miaka miwili nyuma jina lake lilikuwa limechafuliwa na kashfa ya kidani cha almasi 647, kidani ambacho hakukinunua wala kukivaa. Kwangu mimi, shingo ile tupu ndiyo sehemu ya kwanza ya kutazama kwenye picha hiyo.

Jihadhari na nakala tu: wanafunzi wa mchoraji walipozinakili picha hizi, mara nyingi vito ndivyo walivyorahisisha.