Maandalizi Yangu ya Tarehe 19 Novemba

Kampuni ya Rockstar Games ilipotangaza, tarehe 6 Novemba 2025, kwamba gemu yake ya Grand Theft Auto VI (GTA VI) haitatoka tena tarehe 26 Mei 2026 bali tarehe 19 Novemba 2026, barua yangu ya kuomba likizo ya Mei ilikuwa imekwisha kufika mezani kwa afisa utumishi. Asubuhi yake nilikwenda kumwomba anihamishie siku hizo Novemba, naye akanihamishia. Jioni nikachukua daftari jipya, nikaandika tarehe ile juu ya ukurasa wa kwanza, na tangu hapo kila kinachohusu gemu hii hukiandika humo: kilichofanyika, kinachosubiri fedha, na kinachosubiri siku yenyewe.

Wa rika langu hawatahitaji maelezo marefu. Mimi nilikutana na mfululizo huu Tandika, Dar es Salaam, katika kibanda cha gemu chenye PlayStation 2 (PS2) iliyochipiwa ili isome diski za kunakili, televisheni ya kichogo, na pedi mbili, moja ikiwa na analogi iliyolegea kiasi kwamba mhusika wako alikuwa akitembea upande hata ukiwa umeiacha. Tulilipia nusu saa nusu saa. Muda ukiisha, mwenye kibanda alizima swichi ya ukutani bila kukuuliza umefika wapi, na kwa kuwa hakukuwa na memori kadi, kesho yake San Andreas, gemu ya mfululizo huu tuliyoicheza, ilianza mwanzo kabisa. Nadhani nilizicheza zile misheni tano za kwanza mara mia, na ya kumi sikuwahi kuiona hadi nilipoanza kazi na kununua mashine yangu mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mtu mzima mwenye familia anajiandaa kwa gemu kama anayejiandaa kwa safari ya Hija, jibu langu huanzia kwenye ile swichi ya ukutani.

Halafu kuna huu muda wenyewe. Gemu iliyotangulia, GTA V, ilitoka tarehe 17 Septemba 2013, mauzo yake yakafika dola bilioni 1 katika siku tatu, na nakala zilizouzwa tangu wakati huo zimevuka milioni 200. Mtoto aliyezaliwa wiki ile, mwaka huu wa 2026 yuko katika umri wa kumaliza darasa la saba. Tumeishi ndani ya Los Santos, jiji la gemu hiyo, kwa miaka yote hiyo, na sasa tunaahidiwa jimbo la Leonida, lililochorwa kwa kuigiza Florida, pamoja na Vice City tuliyoiona mara ya mwisho ikiwa jiji zima enzi za PS2, na wahusika wakuu wawili, Jason na Lucia. Zaidi ya hapo sitaki kujua. Nimetazama vionjo viwili vya mwanzo, kile cha Desemba 2023 na kile cha Mei 2025, na basi. Video zilizovuja Septemba 2022, zikionyesha kazi ambayo wenyewe hawakuwa tayari kuionyesha, sikuzifungua, na niliona vibaya sana zilivyokuwa zikisambazwa kwa furaha katika makundi yetu.

Kuhusu kusogezwa kwa tarehe, siko pamoja na wanaolalamika. Tulikwisha kuona kinachotokea mtu anapokosa subira. Cyberpunk 2077 ilikuwa itoke Aprili 2020, ikasogezwa mara tatu, na hatimaye ikatolewa tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa bado haijaiva. Kwenye PS4 ilikuwa ikijifunga yenyewe katikati ya mchezo, na baada ya wiki moja tu Sony ikaiondoa katika duka lake hadi Juni mwaka uliofuata. Red Dead Redemption 2, ya Rockstar hao hao, nayo ilisogezwa mara mbili, ikatoka tarehe 26 Oktoba 2018, na mpaka leo nikiingia mle na kupanda farasi alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya mto, naona wazi kila mwezi waliouongeza ulikwenda wapi. Wakihitaji muda, wachukue.

Kazi kubwa iliyokuwa katika daftari ilikuwa ni nafasi. PS5 za mwanzo, kama yangu, zina diski ya gigabaiti 825, lakini baada ya mfumo wenyewe kujichukulia sehemu yake, unabakiwa na takribani 667. Zangu zilikuwa zimejaa pomoni. Red Dead 2 kwenye PS4 ilikuja katika diski mbili za Blu-ray, moja ya kupakia data na nyingine ya kuchezea, na hiyo ilikuwa mwaka 2018. Katika daftari nimejiwekea gigabaiti 150 kuwa makadirio yangu ya GTA VI, nikiamini ni heri kukadiria juu na kubaki na nafasi. Diski ya nje ya USB haitoshi kuwa suluhisho, kwa sababu gemu za PS5 unaweza kuzihifadhi huko lakini huwezi kuzichezea huko. Za PS4 ndizo zinazokubali. Nilichohitaji ni SSD ya ndani, yaani diski ya kasi yenye umbo la kijiti.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana mimi nilipoteza safari nzima ya Kariakoo. Duka la kwanza waliniuzia kijiti kinachofanana kabisa na kile nilichokitaka, urefu ule ule na upana ule ule, kumbe kilikuwa cha SATA, aina ya zamani na ya polepole, na PS5 haikipokei. Kinachotakiwa ni NVMe ya PCIe kizazi cha 4, Sony wenyewe wakipendekeza kasi ya kusoma ya megabaiti 5,500 kwa sekunde au zaidi, na ni lazima kiwe na bamba la kupoozea joto mgongoni. Msikubali maneno ya “zote ni moja tu, kaka”. Someni kilichoandikwa kwenye boksi kabla ya kutoa fedha.

Tuliifunga Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mimi na mpwa wangu mwenye miaka 14 anayeishi nasi. Tulitandika kitambaa cheupe mezani ili skrubu isipotee, tukailaza mashine, akashika kona ya kifuniko, akaivuta juu kidogo na kuisukuma pembeni kama nilivyomwelekeza, ikaachia bila bisibisi. Tulipotazama ndani tulinyamaza wote wawili. Sisi tunakaa Kigamboni, si mbali na bahari, na feni ilikuwa imevaa vumbi zito la kijivu, lenye unyevu, lililoshikamana kama pamba iliyolowa. Nilimpa brashi mpya ya kupakia rangi, nami nikaishikilia feni kwa kidole isizunguke, naye akalitoa vumbi pangapanga moja baada ya jingine, taratibu, ulimi ukiwa nje, kwa karibu nusu saa. Baada ya hapo ndipo tukachukua bisibisi ya nyota, tukafungua skrubu moja ya kibamba cha nafasi ya SSD, tukaihamisha ile pete ndogo hadi kwenye tundu linalolingana na urefu wa kijiti, tukakiingiza kijiti kwa kukilalisha, tukakibonyeza, tukakaza. Mashine ilipowaka ikatuomba ruhusa ya kuiandaa diski mpya. “Mjomba, imeiona!” alisema, akiwa tayari amesimama. Na tangu siku hiyo feni haivumi tena kama jiko la gesi.

Baada ya nafasi ikaja intaneti, na hapa hesabu ni muhimu kuliko matangazo. Megabiti 10 kwa sekunde zinazoandikwa katika vifurushi vya nyumbani si megabaiti 10. Ni lazima ugawe kwa nane. Kwa kasi hiyo, gigabaiti 150 zitachukua zaidi ya saa 33 za kupakua mfululizo, bila mtu mwingine nyumbani kufungua hata video moja. Kwa megabiti 20 ni kama saa 17. Mimi nimeongeza kifurushi hadi 20 kuanzia mwezi wa Oktoba, na nimevuta waya kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya televisheni badala ya kutegemea mawimbi yanayopita kuta mbili. Kwa kawaida wanaonunua mapema huruhusiwa kupakua siku kadhaa kabla, gemu ikabaki imefungwa hadi saa yake ifike, na hiyo ndiyo njia ninayoitegemea. Kama mlango utafunguliwa saa sita usiku ya New York, kwetu itakuwa saa mbili asubuhi ya Alhamisi. Kama ni saa sita usiku ya London, kwetu itakuwa saa tisa usiku. Katika hali zote mbili nitakuwa macho.

Wanaofikiri diski itawaokoa nao wajiandae, kwa sababu gemu kubwa za siku hizi huja na marekebisho ya siku ya kwanza yanayohitaji kupakuliwa hata ukiwa na diski mkononi. Na wanaotaka kuanza moja kwa moja na mchezo wa mtandaoni wakumbuke kwamba GTA Online ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, seva zilizidiwa na watu wengi walikaa siku kadhaa bila kuingia. Mimi wiki za kwanza zote nitazitumia katika hadithi, peke yangu, polepole.

Umeme nao una ukurasa wake. PS5 ikiwa katika gemu nzito hula takribani wati 200, na televisheni ina zake, kwa hiyo UPS ndogo ya nyumbani, kile kifaa chenye betri ya akiba, haikupi muda wa kuendelea kucheza. Inakupa dakika chache za kuhifadhi ulipofika na kuzima kwa utaratibu. Dakika hizo zinatosha. Mwaka jana umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kupakua, ikawaka na ujumbe kwamba haikuzimwa vizuri, ikaanza kukagua diski, nami nikakaa mbele yake kwa hofu kubwa. Sasa UPS ipo, inahudumia mashine na ruta, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya Novemba nitainunua mapema.

Jambo la akaunti nitalisema kwa ufupi kwa sababu wengi wenu mnalijua. Tanzania haimo katika orodha ya nchi za kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kadi ya kuongezea fedha lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Kadi ya Marekani haiingii katika akaunti ya Uingereza. Nunueni kadi mapema, kwa muuzaji mnayemwamini, na muiingize siku hiyo hiyo mnayoinunua.

Limebaki jambo moja ambalo lilinisumbua kuliko SSD. GTA V ilipewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, na sina sababu ya kudhani kwamba hii inayokuja itakuwa laini zaidi. Mpwa wangu, aliyesafisha feni na kushika bisibisi, hataicheza. Nilimwambia mapema, siku ile ile tuliyoifunga SSD, kwa sababu sikutaka ashtukizwe Novemba akiwa amesimama mlangoni. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kama naye atapata saa zake kwenye mashine wiki hiyo, nikamhakikishia kwamba kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku ni zake, gemu yake ya mpira, na mimi nitatoka sebuleni.

Juzi nilifungua daftari ili nihakiki orodha ya gemu za kufutwa, nikakuta mstari mmoja umeongezwa chini kwa kalamu nyekundu, mwandiko si wangu: “Ligi yangu isifutwe, nimebakiza mechi nne.” Nimeihamishia kwenye diski ya nje, na pembeni ya mstari ule nimeweka alama ya vema.