Usilipie kasi usiyoihitaji: .22 LR, .22 WMR au .17 HMR?

Nchini Uingereza kibali cha bunduki hutaja kila kaliba (ukubwa na aina ya risasi) unayoruhusiwa kumiliki, pamoja na idadi ya risasi zake. Kwa hiyo anayetaka bunduki moja ndogo ya kulengea shabaha klabuni na kuwindia sungura mashambani hana budi kuamua mapema. Mbele yake kuna .22 LR (Long Rifle), iliyopo tangu 1887, .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire) ya 1959, na .17 HMR (Hornady Magnum Rimfire) iliyotoka 2002; namba ya mwanzo ni kipenyo kwa inchi. Wengi huchagua kwa kusoma kasi iliyoandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo wanapoanza kupotea.

Namba zenyewe ni hizi. .22 LR ya kasi ya kawaida hurusha kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka, cha greni 40 (gramu 2.6) kwa mita 326 hivi kwa sekunde. Ya kasi kubwa, kwa uzito uleule, hufika 376. .22 WMR hurusha greni 40 kwa 570. .17 HMR ina kichwa cha greni 17 tu, gramu 1.1, lakini hutoka mtutuni kwa mita 777 kwa sekunde.

Sasa leta upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga kutoka ubavuni, kwenye yadi 100 (mita 91) .22 LR ya kasi ya kawaida husogea pembeni sentimita 9 au 10. Ile ya kasi kubwa husogea karibu 12! Umelipa zaidi, risasi imewahi kufika, na bado imepeperushwa mbali zaidi. Sababu ni kwamba upepo hauhesabu muda risasi inaokaa hewani. Unahesabu muda risasi inaoupoteza kwa kukinzwa na hewa. Risasi inayotoka juu ya kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, kisha ikashuka chini yake ikiwa njiani, hupita mahali ambapo ukinzani ni mkali kuliko kote. Ya kasi ya kawaida iko chini ya mpaka huo tangu mwanzo, basi haina cha kuvuka. .22 WMR huyumba kama sentimita 13 na .17 HMR kama 8. Ndiyo, kwenye upepo .17 HMR inaizidi .22 LR ya polepole kwa kidole kimoja tu.

Faida halisi ya .17 HMR ni unyoofu wa njia yake. Ukiirekebisha ipige palepale unapolenga kwenye yadi 100, katika yadi 50 inapita juu kwa chini ya sentimita moja, na kwenye yadi 150 imeshuka sentimita 6 au 7. .22 LR ya kasi ya kawaida iliyorekebishwa kwa yadi 50 ikifika yadi 100 imeshuka karibu sentimita 20. Kosa la yadi 10 katika kukadiria umbali, ambalo si kitu kwa .17, kwa .22 linatosha kumjeruhi sungura badala ya kumuua papo hapo. Kama sungura wako hukaa kwenye uwanda wazi na huwezi kuwasogelea chini ya yadi 100, chukua .17 HMR bila kuzunguka.

Lakini kama kuna ua wa miti na unaweza kunyata hadi yadi 50 au 60, .22 LR ya kasi ya chini yenye tundu kwenye ncha inatosha kabisa. Ukiongeza kizuia sauti kinachosikika ni mshindo mdogo, na mara nyingi sungura wa pili hubaki akitafuna majani. .17 HMR kizuia sauti hakiinyamazishi: kinapunguza mlio wa mtutu, ila ule mpasuko wa kuvuka kasi ya sauti unabaki palepale. Tena ukimpiga sungura kiwiliwili kwa .17, nyama inasambaratika. Kwa kaliba zote lenga kichwa, kati ya jicho na sikio.

Usitumie risasi za mashindano zenye ncha ya duara kuwindia. Hupenya bila kutanuka, na zikigonga jiwe au ardhi ngumu hudunda na kuendelea na safari. Maboksi ya .22 LR huonya kwamba risasi inaweza kufika maili moja na nusu, takriban kilomita 2.4. Kichwa cha .17 huvunjika vipande kwa urahisi zaidi, lakini hilo halikuruhusu kufyatua bila kituta cha udongo nyuma ya windo.

Kwenye shabaha hakuna mjadala. Mashindano ya bunduki ya mita 50 ya Olimpiki ni ya .22 LR, na biathlon, mchezo wa kuteleza thelujini na kulenga shabaha, imeitumia tangu 1978. Duara la pointi 10 kwenye mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Risasi mbili zikipishana mita 10 kwa sekunde, kupishana kwake kwa urefu kwenye mita 50 ni milimita 7 hivi, hata kama mkono wako ni mwamba. Ndiyo maana wapigaji wa dhati hawanunui jina la boksi peke yake, wananunua namba ya toleo, yaani ya risasi zilizotengenezwa pamoja kiwandani. Chukua boksi za matoleo manne au matano, piga makundi matano ya risasi 10 kwa kila moja ukiwa umeegemeza bunduki, kisha rudi ununue nyingi za toleo lililoshinda, yaani ambalo matundu yake yamekaribiana zaidi. Kabla ya kuhesabu, piga risasi 10 hadi 20 za toleo jipya bila kuzitilia maanani. Mafuta na nta ya aina iliyotangulia bado viko mtutuni, na makundi ya mwanzo husema uongo.

Kwa kaliba hizi zote, kemikali ya kuwasha baruti imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Ganda halijazwi tena, na sehemu ya ukingo ikikosa kemikali, risasi hailipuki. Ikikataa, elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri angalau sekunde 30, ndipo uitoe. Zikikataa mfululizo, angalia kwanza kama chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni chafu kiasi kwamba risasi haiingii yote: pigo la sindano ya kufyatulia huishia kuisukuma mbele badala ya kuiwasha.

.22 WMR nimeipita haraka kwa sababu inamfaa mtu mmoja: anayetaka kichwa kizito kwa mbweha wa karibu. Ila ukiwa nayo nyumbani pamoja na .22 LR, tenganisha maboksi. .22 LR huingia kwenye chemba ya WMR, lakini ganda lake ni jembamba kuliko chemba, kwa hiyo hupasuka na gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni.