Mimi ni mmoja wa walioiua Toto Afya Kadi

Nijitaje mwenyewe kabla sijatajwa. Toto Afya Kadi ni ile kadi ya bima ya afya ya mtoto, ya mwaka mmoja, kutoka NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwaka 2021 binti yangu wa pili alikuwa na miaka sita na alikuwa anakoroma kunishinda mimi baba yake. Usiku tulikuwa tunamsikia tukiwa chumba cha pili: anavuta pumzi, inakatika, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mama yake alikuwa hapati usingizi, anahesabu pumzi. Daktari akammulika, akaandika, akasema ni nyama za puani, na mafindofindo nayo yamevimba, vyote vitolewe. Tukauliza bei. Nilipojumlisha vipimo, dawa ya usingizi, upasuaji wenyewe na siku mbili za kulala wodini, nikafika karibu laki saba. Nina duka la spea za pikipiki hapa Msamvu, Morogoro. Laki saba ninayo, ila imekaa kwenye rafu, imegeuka matairi na cheni. Mfukoni haipo.

Muuguzi ndiye aliyenivuta pembeni. "Baba, mtoto ana kadi? Kakate Toto Afya kwanza, halafu mrudi." Hakunifundisha wizi, utaratibu uliruhusu. Nikapeleka cheti cha kuzaliwa, picha na shilingi 50,400. Baada ya wiki chache kadi ikatoka, tukarudi, mtoto akafanyiwa upasuaji, na mimi nikalipia juisi tu. Akaacha kukoroma. Mwaka ukazunguka, kadi ikaisha muda, sikuihuisha. Kwa nini nihuishe? Mtoto mzima, anakimbia, anakula hadi sufuria inalia.

Sikuona kosa wakati ule. Niliona nimekuwa mjanja, na nilimsimulia kila mteja mwenye mtoto anayekoroma.

Sasa nitazameni nikiwa nyuma ya kaunta. Tuseme naanzisha biashara mpya: lipa elfu tano kwa mwaka, injini yako ikifa nakutengenezea bure. Na tuseme simlazimishi mtu, tena namruhusu alipe hata injini ikiwa tayari inatoa moshi. Nani atakuja? Watakuja wanaosukuma pikipiki. Yule ambaye injini yake inaimba atapita hapa barabarani, ataniinulia mkono, ataenda zake. Kwa elfu tano za wale wanaosukuma, nitanunua pistoni ngapi? Duka langu lingefungwa kabla ya Idi, na wa kwanza kunitukana angekuwa yule aliyekuja akisukuma.

Machi 2023 NHIF wakasitisha kumsajili mtoto mmojammoja. Wakasema watoto sasa waandikishwe kupitia shule zao, au waingie na familia nzima, kwa sababu wengi waliokuwa wanaletwa walikuwa tayari wagonjwa. Nilipoisikia taarifa redioni nilikuwa nafungua boksi la plagi. Nilijua wanamsema nani.

Jioni yake akapiga mdogo wangu wa kike. Mwanawe ana selimundu. Yeye hakuwa anakata kadi kwa ujanja, alikuwa anaihuisha kila mwaka bila kukosa, kwa sababu yule mtoto bila kliniki ni kazi ya kulia usiku. Alilaani serikali, akalaani mfuko, akalaani na walioandika sheria. Mimi nikawa naitikia tu, "eeh, eeh". Mwezi uliofuata mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe aliitisha kikao ili watoto waandikishwe kwa pamoja. Wazazi walio wengi wakajibu kwamba wao wanao hawaumwi. Kikao kikaisha kwa kuchangia matofali ya choo.

Hawakuwa watu wabaya wale. Walifanya hesabu ileile niliyoifanya mimi, tofauti ni kwamba wa kwangu alikuwa ameshapona.

Mbele ya duka langu kuna kijiwe cha bodaboda, na kijiweni kuna kijana tunayemwita Profesa. Ana kidato cha nne na anasoma kila gazeti ninalofungia spea kabla sijalichana. Tangu muswada wa bima ya afya kwa wote, wa kumtaka kila mtu awe na bima, uliposomwa bungeni mara ya kwanza, Septemba 2022, sijapumzika naye: yeye anataka bima ibaki hiari. Wakati ule zilitajwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, na Profesa alizikariri kama aya.

Nilidhani nitamshinda kirahisi. Nikamwambia, mbona pikipiki umeikatia bima? Akacheka. "Ile ni ya trafiki, Bosi." Halafu akakaa sawasawa kwenye siti, nikajua leo kazi ipo. "Tena ngoja nikwambie. Bima ndogo hainilindi mimi. Inamlinda nitakayemgonga. Hapo serikali ina haki ya kunilazimisha, maana naweza kumdhuru mtu. Bima ya afya inanilinda nani? Mimi. Sasa nikikataa kujilinda nimemdhulumu nani? Mwili wangu, hela yangu, na nina miaka ishirini na sita sijawahi kulazwa."

Nimesikia watu wenye digrii wakitetea hiari na hakuna aliyeiweka vizuri kama yule kijana akiwa amekalia siti iliyochanika. Kila alipoiweka hivyo, kofia yake ngumu ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Haivai. Huivaa akiwaona askari pale kwenye mzunguko, na akishawapita huirudisha mahali pake.

Siku nyingine alikuja na habari za Marekani. Kule sheria ya mwaka 2010 ilimtaka kila mtu awe na bima au alipe faini, kesi ikafika Mahakama ya Juu yao, na Jaji Antonin Scalia akauliza: kama serikali inaweza kumlazimisha mtu kununua bima, kwa nini isimlazimishe kununua brokoli? "Brokoli ndiyo nini?" akauliza mmoja. Tukapoteza nusu saa hapo. Profesa alifurahia sana swali la jaji, ila alikuwa hajui mwisho wake, nikamtafutia kwenye simu: mwaka 2012 mahakama iliiacha sheria isimame kwa kuihesabu ile faini kama kodi, halafu wanasiasa wakaja kuifanya faini iwe sifuri kuanzia 2019. "Unaona!" akasema. Nikamwambia jibu la brokoli ni jepesi. Mtu asiyenunua brokoli hapelekwi hospitali saa nane usiku akatibiwe kwa brokoli ya jirani.

Na hiari hapa kwetu tumeijaribu, tena si kidogo. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ambao kaya hujiunga kwa hiari, ulianza Igunga mwaka 1996. Serikali ikaweka na tele kwa tele, kwamba mwananchi akitoa mia, na yenyewe inaongeza mia. Ikaja CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Hiyo haifiki bei ya tairi la nyuma ninalouza hapa. Bado watu wamepishana nayo. Mke wangu yuko kwenye kikoba ambako kila mwanachama anatoa elfu moja ya mfuko wa jamii kila wiki, akichelewa faini mia tano, na sijawahi kumsikia hata mmoja akidai ameonewa. Nilipomuuliza tofauti ni nini, hata hakuacha kukatakata mchicha. "Kikoba hela naiona."

Hapo ndipo ninapowaelewa wanaoogopa neno lazima, na nisipolisema hili nitakuwa nimewapunja. Baba yangu ni mtu wa Matombo, huko milimani Uluguru. Nikiwa mdogo, msimu wa kodi ya kichwa mgambo walikuwa wanapanda mlima alfajiri, umande haujakauka. Wanaume wasiokuwa na stakabadhi walilala migombani. Baba alikuwa anaikunja yake ndani ya mfuko wa nailoni, anaushonea ndani ya pindo la suruali, na hata siku za msiba alikuwa anapapasa pindo kwanza kabla hajatoka. Jina lake rasmi ilikuwa kodi ya maendeleo. Maendeleo yenyewe tulikuwa tunayasubiri, zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili. Kodi ile ikafutwa mwaka 2003, na baba aliendelea kuivaa suruali ile yenye pindo lililofumuliwa mpaka ikaisha.

Kwa hiyo muswada wa 2022 ulipokuja na mambo ya kuifunga bima pamoja na leseni ya udereva, leseni ya biashara, hati ya kusafiria, nywele zilinisimama. Hiyo siyo bima, nilisema, hao ni mgambo wamevaa tai. Ukimnyima bodaboda leseni kwa sababu hajalipia bima, umemkata mguu ili akanunue kiatu. Wabunge nao walilipigia kelele, muswada ukaahirishwa zaidi ya mara moja, na sheria ikapita Novemba 2023 baada ya mabishano mengi. Ndani yake umewekwa mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na baadhi ya fedha zake zinatoka kwenye soda, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Nilimwonyesha Profesa hiyo ya mwisho. Anavyopenda mikeka, kuna bibi huko Gairo atatibiwa kwa timu zilizomchania Profesa mkeka Jumamosi. Alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo si la kawaida.

Akarudi na hoja nyingine, na hii sikuwa na jibu. "Haya, nimelipa. Nikifika dirishani?" Wote tunakumbuka Machi 2024, pale hospitali kadhaa binafsi ziliposimamisha kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya ugomvi wa kitita kipya, yaani bei mpya ambazo mfuko unazilipa hospitali. Mtu amekatwa mshahara kila mwezi, asilimia tatu yake na tatu za mwajiri, hana hiari hata kidogo, halafu anafika mapokezi na mgonjwa mgongoni anaambiwa kadi hiyo leo haifanyi kazi. Mimi ninayeuza cheni nikichukua hela ya mtu halafu nisimpe cheni, kuna kituo cha polisi. Aliyelazimishwa kulipa anakwenda kushtaki wapi? Na kwa nini lazima ibebwe na mlipaji peke yake, anayetakiwa kumtibu akabaki na hiari yake?

Sijasikia mtu akinijibu hilo vizuri. Lakini sirudi tena upande wa Profesa. Nimeshaishi upande huo, na ninajua nilichofanya nikiwa huko: nilingoja mwanangu augue, nikachota, nikaondoka, na mtoto wa mdogo wangu akakuta kisima kimekauka. Lazima naiogopa. Hiari naiogopa zaidi, kwa sababu nimeitumia.

Wiki mbili zilizopita, baada ya mvua ya jioni, mdogo wa kijiwe, yule mwenye Boxer nyekundu, aliteleza barabara ya Iringa akaingia chini ya kirikuu. Mguu wa kulia, mfupa wa paja. Alikuwa na bima ndogo, stika inang'aa. Haikuwa na habari naye. Hospitali wakampokea, wakamfunga, wakampa dawa ya maumivu, halafu ikaja orodha: vyuma vya kuunga mguu, damu, dawa.

Asubuhi yake nimefungua duka, namwona Profesa anakuja kwa miguu. Kofia ngumu kaishika mkononi kaigeuza juu chini kama bakuli, ile ile isiyovaliwa, karatasi ya dukani bado imebandikwa pembeni. Ndani kuna noti za buku, elfu mbili mbili, na sarafu zinazogongana. Kwapani ana kifuniko cha boksi la tyubu amekiandika majina kwa peni ya bluu, kila jina na kiasi chake. Alianza kwa mama ntilie. Mama akasema leo hata hajauza. "Mama, na kesho akivunjika wa kwako?" Mama akafungua kanga, akatoa mia tano, Profesa akaandika, kisha akasimama palepale mpaka zikawa elfu moja. Kuna kijana mgeni, ana mwezi tu kijiweni, akasema yeye na majeruhi hawajuani. Profesa hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba kama hawajuani, basi na nafasi ya kupaki hapa mbele nayo haijuani naye. Kijana akatoa elfu tano.

Ikafika zamu yangu. Nikaegemea kaunta, nikamwuliza polepole, kijiwe chote kikisikia, kama huu mchango ni wa hiari au ni wa lazima.

Alishusha macho kwenye kifuniko cha boksi, akatafuta kwa kidole mpaka akaliona jina langu.

"Bosi, wewe nimekuandika elfu ishirini," akasema, akainyoosha ile kofia.